Okonkwo, Nnu Ego au Kambili: uingie darasani na nani?

Umeamua kwamba mwaka huu vijana wako watasoma riwaya ya Waigbo wa Nigeria. Fedha iliyopatikana inatosha nakala arobaini za kitabu kimoja. Mezani una vitatu: Things Fall Apart cha Chinua Achebe, The Joys of Motherhood cha Buchi Emecheta na Purple Hibiscus cha Chimamanda Ngozi Adichie. Azimio la kazi linatakiwa Jumatatu.

Wengi wetu hapo hatupotezi muda. Tunamchukua Achebe kwa sababu ndiye tuliyesomeshwa, na madaftari yetu ya zamani bado yapo kabatini. Mimi nilifanya hivyo miaka kadhaa mfululizo. Nilipokuja kuzifundisha zote tatu ndipo nilipoacha kuuliza ipi ni bora, maana zote zimeiva. Siku hizi nauliza jambo jingine: wanafunzi watatoka na kosa gani? Kila moja, hata ufundishe vizuri namna gani, humwachia kijana wa miaka kumi na sita ambaye hajakanyaga Onitsha picha fulani iliyopinda kuhusu Waigbo. Chukua ile ambayo upindo wake una muda na ubavu wa kuunyoosha.

(Kama baraza la mitihani limeshakuchagulia kitabu, basi umeshachaguliwa. Soma tu sehemu inayokuhusu.)

Nilivyozipima

Nimetumia mizani ileile kwa zote. Nimeangalia ni upande gani wa maisha ya Kiigbo unaoonekana, lugha yake inamkabilije mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, panapouma, yaani kurasa zinazoweza kumliza mwanafunzi au kumleta mzazi ofisini, muda inaokula, na mwisho lile kosa lenyewe. Baada ya hapo nasema inamfaa nani.

Things Fall Apart (1958)

Kwa upana wa mila, hakuna inayoikaribia. Ina sura 25 fupi, na katika zile 13 za mwanzo umeshapitia tunda la kola la kumkaribisha mgeni, kilimo cha viazi vikuu, Juma la Amani, mieleka, posa, mazishi, kuhani wa kike wa Agbala, mungu wa uaguzi, na egwugwu, mizimu ya mababu wanaotoka na vinyago vyao kuamua kesi ya mume aliyempiga mkewe. Achebe hahutubii. Huambiwi Waigbo wanaamini nini kuhusu chi, yaani mungu wa mtu binafsi. Unamwona Okonkwo, mhusika mkuu, akivutana na chi wake mpaka kamba inakatika.

Kwa darasa la Waswahili kitabu hiki kina milango ambayo mwalimu wa London hana. Anza na jina. Wiki ya Kiigbo ilikuwa na siku nne za soko: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Mtoto wa kiume wa siku ya Nkwo huitwa Okonkwo, wa Eke ni Okeke, wa Afo ni Okafor, wa Orie ni Okorie. Yaandike ubaoni bila maelezo, kisha uliza nani humu anaitwa Juma au Hamisi. Mwaka mmoja Hamisi wangu wa dawati la nyuma alinyoosha kidole: “Mwalimu, kwa hiyo mimi ni Okonkwo?” Darasa zima likamwita hivyo kuanzia siku ile. Tulipofika kwenye mti ule wa sura ya mwisho, Okonkwo anapojinyonga, ndiye aliyefunga kitabu na kukilalia.

Mlango wa pili ni chakula. Achebe anasema kwamba kwa Waigbo methali ni mawese ya kulia maneno. Wanafunzi wa Dar es Salaam huniangalia tu. Aliyelelewa Kigoma anacheka kwa sababu anajua sahani bila mawese ilivyo. Mwache yeye aeleze.

Upo na wa tatu, nao ndio unaoniburudisha zaidi. Wahakiki wengi wa ng’ambo hulalamika kwamba mke wa kwanza wa Okonkwo hatajwi jina, anaitwa tu mama yake Nwoye. Wanafunzi wetu hawaoni tatizo. Mama Nwoye! Kwani jirani yako unamwitaje? Kwetu kumwita mama kwa jina la mtoto ni heshima. Ndipo unapowauliza: mbona basi Ezinma, binti wa Okonkwo kwa mke wa pili, anamwita mama yake Ekwefi, kwa jina lake kavu? Hapo mjadala huwaka wenyewe, maana wanalazimika kurudi kwenye kurasa kuona mapenzi ya mama na mwana yalivyo baada ya Ekwefi kuzika watoto tisa.

Kuhusu lugha, sentensi ni fupi na maneno magumu si mengi. Kidato cha tatu wanaimudu. Isitoshe ipo tafsiri, Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute, iliyotoka Nairobi mwaka 1973. Ukibahatika kuipata maktaba, itamfaa pia mwenzako wa Kiswahili kwenye mada ya tafsiri kidato cha tano na sita. Hadithi ya kobe na ndege ni mahali pazuri pa kuanzia: kobe anajipa jina lenye maana ya “Ninyi Nyote”, na wenyeji wa mbinguni wanaposema karamu ni yenu ninyi nyote, anakula peke yake. Kwa Kiswahili kiini macho hicho kinafanya kazi sawasawa.

Panapouma ni sura ya 7, Ikemefuna, kijana anayelelewa kwa Okonkwo, anapouawa na mtu huyo anayemwita baba. Usiisome kipindi cha mwisho cha Ijumaa ukawaachia wanafunzi waende nayo bwenini. Kuna pia mapacha wanaotupwa msituni, wake wanaopigwa, na Okonkwo kujinyonga. Kwa muda, vipindi vitatu kwa wiki vinaimaliza kwa wiki nane, pamoja na jaribio.

Sasa kosa. Insha zitarudi zikisema Waigbo walikuwa watu wa gizani waliotupa watoto, mpaka wamisionari walipofika. Nimezisahihisha, nazijua. Wanafunzi wanakuwa wamesoma kitabu kizima na kukubaliana na yule Mkuu wa Wilaya wa kikoloni wa ukurasa wa mwisho, ambaye anaona kisa chote cha Okonkwo kinatosha aya moja katika kitabu chake. Dawa yangu ya kwanza ni kuwapa kazi ya kuiandika aya hiyo kama angeiandika yeye, maneno yasiyozidi 100, halafu kuiandika upya kama angeiandika Obierika, rafiki wa Okonkwo. Dawa ya pili ni historia. Kijiji cha Abame kilichofutwa kwa sababu ya mzungu mmoja aliyekuja na “farasi wa chuma” kinafanana mno na yaliyotokea Ahiara mwaka 1905, daktari wa Kiingereza aliyekuwa juu ya baiskeli alipouawa na jeshi likaja kulipiza. 1905! Mwaka uleule Wamatumbi walipong’oa pamba na Maji Maji ikaanza. Kijana anayejua Maji Maji hawezi tena kuwaita watu wa Abame wajinga.

Ya tatu ni ya wasichana wanaouliza kama wanawake wa Kiigbo walikuwa mabubu. Wasimulie ya 1929. Habari zilienea kuanzia Oloko kwamba wanawake nao watatozwa kodi. Maelfu yao, Waigbo na majirani zao Waibibio, wakawazingira machifu waliosimikwa na serikali, wakaimba na kucheza nje ya nyumba zao na kuwataka wavue kofia za uchifu. Askari waliwafyatulia risasi na zaidi ya wanawake 50 walikufa. Hayo yalitokea muda mfupi tu baada ya zama anazosimulia Achebe, kwa mabinti na wajukuu wa wanawake walewale.

Dosari moja ya nje ya kitabu: majibu yake yanauzwa. Vijitabu vya uchambuzi viko kila duka la vifaa vya shule, na mtandaoni ndiyo usiseme. Ukiuliza swali la kawaida utapata jibu la kununua.

Inamfaa mwalimu anayewapeleka wanafunzi kwa Waigbo mara ya kwanza, na darasa ambalo Kiingereza chake bado kinachechemea.

The Joys of Motherhood (1979)

Hapa unaondoka kijijini. Nnu Ego ni binti wa chifu Agbadi wa Ibuza, ng’ambo ya magharibi ya mto Niger, anayeachika kwa kukosa mtoto na kupelekwa Lagos kwa mume ambaye hajawahi kumwona, Nnaife, dobi wa wazungu. Utamaduni unaouona ni ule uliosafiri: mke wa kurithi anayefika mlangoni na mabegi yake, ukewenza ndani ya chumba kimoja cha kupanga, thamani ya mtoto wa kiume, na chi wa Nnu Ego, ambaye inasemekana ni mtumwa aliyeuawa na kuzikwa pamoja na bimkubwa wake. Kwa idadi ya mila, kitabu hiki kina chache kuliko Achebe. Kwa kuonyesha mila ikikutana na kodi ya nyumba, kinamzidi.

Wanafunzi wa mjini hukielewa bila kuchorewa ramani. Nnu Ego anauza sigara na viberiti ili watoto wale. Mwanafunzi ambaye mama yake ana genge mtaani anajua hesabu hiyo kuliko mimi. Kuna zoezi moja nalipenda: mshahara wa Nnaife unapokatika, waambie wapange bajeti ya nyumba ile kwa wiki moja, wake wawili na watoto wote. Wavulana huanza kwa mzaha. Wakifika siku ya tatu fedha imeisha na mzaha umeisha.

Nnaife mwenyewe anakamatwa na kupelekwa vita vya pili vya dunia, Burma. Waulize nani ana babu au babu wa babu aliyekuwa keya, yaani askari wa King’s African Rifles. Wanajeshi wa Kiafrika wa Mashariki na wa Magharibi walipigana Burma ileile.

Lugha ni ngumu kidogo kuliko ya Achebe. Sentensi ni ndefu na simulizi inaruka nyuma, maana sura ya kwanza inaanza Lagos mwaka 1934, Nnu Ego akikimbilia daraja la Carter kujitosa baada ya kichanga chake kufa, na ndipo sura ya pili inaturudisha Ibuza. Na hapo ndipo panapouma, ukurasa wa kwanza kabisa, kabla hujajuana na darasa. Sura ya pili ina usiku wa Agbadi na Ona, ambao darasa la wavulana watupu litaukariri kuliko kitu kingine chochote. Jiandae. Mimi huusoma mwenyewe kwa sauti, bila kusita na bila kuruka, kisha nauliza nani ana nguvu katika chumba kile, Ona au Agbadi. Kicheko hukata. Kwa muda weka wiki kumi.

Kosa watakalotoka nalo ni kusema mila za Kiigbo ndizo zilizomuua Nnu Ego. Ni nusu ya habari. Kule Ibuza mwanamke alikuwa na shamba lake na ndugu wa karibu; Lagos ana chumba, mume mwenye mshahara wa mzungu, na watoto wa kusomesha. Amewekewa majukumu ya kijijini bila nyenzo za kijijini. Ukiwa na muda wa kulichambua hilo, sawa. Ukiwa huna, utakuwa umewapa wasichana wako sababu ya kudharau bibi zao. Msaada mkubwa ni Adaku, mke mwenza anayeamua kuondoka na mabinti zake kwenda kutafuta maisha: ni Mwigbo vilevile, wa Ibuza vilevile.

Mwisho wake ni zawadi kwa mwalimu wa mdahalo. Nnu Ego anakufa peke yake kando ya barabara, watoto wanamfanyia mazishi makubwa na kumjengea kihekalu, wanawake wanakwenda kumwomba watoto, na yeye hawapi. Kwa nini? Nimeshapata majibu manane tofauti, na sikuweza kukataa hata moja.

Inafaa kidato cha tano na sita, wanafunzi wa kike hasa, na mwalimu ambaye haoni haya.

Purple Hibiscus (2003)

Msimulizi ana miaka 15. Hilo peke yake linakuokoa wiki nzima ya kubembeleza. Kambili anaishi Enugu na kaka yake Jaja, mama yao, na baba yao Eugene, tajiri, Mkatoliki wa msimamo mkali, mmiliki wa gazeti linalopinga serikali ya kijeshi, na mtu anayewapiga watoto na mkewe. Kwa shangazi Ifeoma, mhadhiri wa chuo kikuu cha Nsukka, ndiko wanakoonja kicheko.

Kila nikikifundisha kuna mwanafunzi anayeuliza, “Mwalimu, sasa utamaduni wenyewe uko wapi?” Hakuna kilimo cha viazi vikuu, hakuna mieleka. Wamezoea kuamini utamaduni ni ngozi, shanga na ngoma ya mgeni rasmi. Nawapeleka kwenye alfajiri ile Ifeoma anapomwamsha Kambili achungulie babu yake, Papa-Nnukwu, akiomba barazani. Mzee anachora mistari kwa chaki sakafuni, anaomba, anajieleza mbele ya Mungu kwamba hakudhulumu, na anamwombea hata Eugene, mwanawe anayemwita mpagani na ambaye huwaruhusu wajukuu wamsalimie robo saa tu, wasionje chakula. Ifeoma anamwambia Kambili kwamba sala ile ni sawa na rozari yao. Hiyo ni dini ya wale wa Umuofia, kijiji cha Okonkwo, miaka mia moja baadaye, ikiwa imebaki kwa mzee mmoja kwenye baraza la nyumba ya chuo.

Kuna pia suala la lugha ndani ya kitabu. Eugene hapendi watoto waongee Kiigbo mbele za watu. Waliowahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili shuleni hawahitaji ufafanuzi. Na Amaka, binamu yake Kambili, anakataa kuchukua jina la Kiingereza kwa ajili ya kipaimara: Chiamaka linamtukuza Mungu, kwa nini lisitoshe? Darasa lenye akina Neema na Baraka pamoja na akina Catherine litajigawa lenyewe.

Kiingereza chake ni chepesi, ila Kiigbo kimemwagwa humo bila tafsiri. Waambie wasihangaike na kamusi. Maana inasomeka kwenye sentensi jirani. Kinachowapoteza ni mpangilio wa wakati, kwa kuwa hadithi inaanza Jumapili ya Matawi, inarudi nyuma, kisha inaendelea. Chora mstari ubaoni siku ya kwanza na uuache hapo muhula mzima. Ni kirefu, kurasa zinakaribia 300. Wiki kumi na mbili, au wasome nyumbani.

Panapouma hapa ni tofauti na kwingine. Ikemefuna yuko mbali. Maji ya moto yanayomwagwa kwenye miguu ya Kambili yako jirani. Katika darasa la arobaini kuna anayeishi na Eugene. Kabla ya kuanza, zungumza na mwalimu wa malezi na unasihi, na ujue utamwambia nini mwanafunzi atakayebaki nyuma wenzake wakitoka. Zungumza na mkuu wa shule pia. Katika shule moja niliyofundisha sikufanya hivyo, mzazi akasoma sehemu ya Padre Amadi na hisia za Kambili kwake, nami nikaandikiwa barua ya kujieleza kabla ya chai ya saa nne. Kitabu kilibaki, lakini nilikifundisha muhula ule nikiwa natazama dirishani.

Kosa watakalotoka nalo: Ukristo ndio ubaya, au kinyume chake, Eugene ni mwendawazimu tu na hana la kutufundisha. Ifeoma naye ni Mkatoliki, Padre Amadi naye, na wanaimba nyimbo za Kiigbo katikati ya rozari. Waonyeshe hao mapema.

Inamfaa mwalimu mwenye darasa linalosoma lenyewe, na shule yenye mtu wa kupokea machozi.

Na nyingine je?

Arrow of God (1964) ya Achebe huyohuyo, kwangu ndiyo nzito kuliko zote, lakini imewashinda wanafunzi wangu mara mbili. Efuru ya Flora Nwapa (1966) ni mazungumzo ya wanawake mwanzo mwisho, tamu kwa msomaji mwenye subira. Emecheta alichota jina la kitabu chake kwenye mistari ya mwisho ya Efuru. Ukiwa na nakala moja, wasomee mistari hiyo.

Kwa hali yako

Kama ni kidato cha tatu, muhula mmoja, na hujawahi kufundisha chochote cha Nigeria, chukua Achebe, ila tenga vipindi viwili vya 1905 na 1929 kabla hujagusa sura ya kwanza. Ukiviacha mwishoni havitafanyika. Mitihani ya majaribio itavimeza.

Kama wanafunzi wako walishasoma Achebe, usirudie. Wape Adichie. Sentensi yake ya kwanza inagonga jina la kitabu cha Achebe, nao wataisikia wenyewe kabla hujasema.

Shule ya wasichana, kidato cha tano, mwalimu anayeweza kushirikiana na wa historia na wa uchumi: Emecheta. Shule ya seminari au ya kidini inaweza kusoma Adichie vizuri kuliko shule nyingine yoyote, mradi uongozi umeisoma kwanza yote, na si kurasa zilizopigiwa mstari na mzazi.

Na kama fedha imepungua, nakala ni kumi na tano tu kwa wanafunzi sitini, basi urefu ndio unaoamua. Sura za Achebe zinasomeka kwa sauti ndani ya kipindi kimoja cha dakika arobaini, kikundi cha wanne kwa kitabu, na dakika kumi zinabaki za kubishana. Anza na sura ya 11, ya kobe na ya Chielo, yule kuhani wa Agbala, akimbeba Ezinma usiku. Za mwanzo mtazirudia kesho yake.